Barua kwa Salim: ile manowari tuliyobishania

Mombasa, Jumapili jioni

Rafiki yangu Salim,

Salamu nyingi kwako na kwa mama watoto. Sisi hatujambo, ila joto la kaskazi linatutoa jasho hadi usiku.

Neno lako la pale kwa muuza kahawa bado ninalo. Ulisema destroya, ile manowari ya mbio ya kulinda misafara na kuwinda nyambizi, ni jina kubwa la meli ndogo, na baraza zima likakuchekea. Siku ile nilinyamaza. Leo keti usome.

Chukua moja tu, HMS Petard ya Waingereza, ya Vita vya Pili vya Dunia. Iliundwa Newcastle, ikashushwa majini Machi 1941, ikaingia kazini Juni 1942. Urefu wake mita 105, upana haufiki 11: nyembamba kama ngalawa ya mashindano. Tabini zake za mvuke zilikuwa na nguvu za farasi 40,000, zikaikimbiza zaidi ya kilomita 65 kwa saa. Mbio hizo zina gharama yake: ubavuni hakuna gamba la kuzuia kombora, ni chuma chembamba tu. Na mizinga yake ya inchi 4 ilikuwa midogo kuliko ya destroya nyingi za Kiingereza, kwa kuwa ilitakiwa iinuke vizuri kupiga ndege. Hilo la mizinga lishike.

Wazungu wanaisifu kwa usiku wa Oktoba 30, 1942, kaskazini mwa Misri. Baada ya kuwindwa saa nyingi, nyambizi ya Kijerumani U-559 iliibuka na mabaharia wake wakaikimbia. Mabaharia wawili wa Petard, Fasson na Grazier, wakaogelea hadi kwake, wakaingia ndani huku inajaa maji, wakawa wanapitisha vitabu vya siri juu. Aliyevipokea ni Tommy Brown, kijana wa kantini wa miaka 16 aliyedanganya umri ili apate kazi melini. Nyambizi ikazama ghafla na wale wawili ndani. Vitabu vile ndivyo vilivyowafungulia wataalamu wa Bletchley Park, kituo cha Waingereza cha kufumbua siri za adui, Desemba hiyo, mafumbo ya nyambizi za Kijerumani za Atlantiki yaliyowashinda tangu Februari. Mwezi huohuo Petard, pamoja na manowari ya Kigiriki, ikamaliza nyambizi ya Kitaliano iitwayo Uarsciek. Jina hilo ni Warsheikh, mji wa pwani ya Somalia. Waitaliano nao!

Sasa njoo kwetu. Mwanzoni mwa Februari 1944 meli ya askari, Khedive Ismail, iling'oa nanga hapa Mombasa kwenda Colombo. Ilibeba watu 1,511, karibu 1,000 kati yao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, na wauguzi pia. Ilikuwa katika msafara wa meli tano za askari, na walinzi wake walikuwamo Petard na mwenzake Paladin. Tarehe 12, mchana, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga topido mbili, yale makombora yanayokwenda chini ya maji. Ikazama kwa dakika kama mbili.

Walionusurika wakawa wanaelea, wameshika mbao. Na nyambizi ilidhaniwa imejificha chini yao hasa. Hapo ndipo Petard ilipopita na kudondosha mabomu yake ya kina. Bomu hilo ni pipa la baruti linaloviringishwa kutoka tezi. Likizama hadi kina kilichopangwa, kani ya maji inalilipua. Aliye ndani ya chuma huenda akapona. Anayeogelea karibu, mapafu na matumbo yanapasuka.

Nimejaribu kumlaumu nahodha na sijaweza. Meli nyingine nne zilikuwa bado ziko baharini humo, zimejaa watu. Lakini kumsifu pia ulimi unakataa.

I-27 ikalazimika kuibuka. Paladin ikaiparamia, lakini ikachanwa ubavu yenyewe. Petard ikaimiminia makombora, na hapo ndipo ile mizinga midogo ilipoumbuka: makombora yanapiga, nyambizi haizami. Petard ikageukia topido zake. Sita zikakosa. Ya saba ikaipasua.

Waliokufa kwenye Khedive Ismail ni 1,297. Petard ikawa meli iliyozamisha nyambizi za Ujerumani, Italia na Japani, zote tatu. Ikadumu hadi 1967, ikakatwa chuma chakavu huko Scotland.

Wewe uko Nairobi, mimi niko mbali. Ukipata Jumamosi, pita makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong. Ndani yake kuna mnara wa wasio na kaburi, na askari wetu wa meli ile wameandikwa pale. Nipigie picha ubao wa majina ya askari wa mizinga, karibu kiasi cha kusomeka. Nataka kuona wa Pwani ni wangapi.

Na kahawa ya safari ijayo unalipa wewe.

Wako,
Hamisi