Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: kwa nini mashine ya chupa haijanunuliwa

Wamama wapendwa, na nyinyi wababa wachache mnaotubebea bidoni, yaani madumu, na kulipa ada kama sisi,

Naanza na yaliyo mafupi. Sisi wapishi na wauzaji wa munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, hapa Lubumbashi tulianza mwaka tukiwa wanachama 41, tunaumaliza tukiwa 46. Tumewazika wenzetu wawili, na kwenye vilio vyote viwili chama kilifika na makala ya kupikia, unga na munkoyo yake, kama inavyotakiwa. Likelemba, ule mchango wetu wa kupeana kwa zamu, imezunguka, hakuna aliyekosa zamu yake. Mweka hazina atasoma hesabu baada yangu. Daftari liko mezani, na kila mmoja ana haki ya kulifungua kabla hatujapiga kura.

Yaliyobaki yote ni habari ya mashine. Najua ndiyo mliyokuja kuisikia.

Mnakumbuka mkutano wa mwaka jana. Mimi ndiye niliyesimama mbele yenu nikasema munkoyo yetu iingie chupani. Nilikuwa nimeona maheu, kinywaji cha mahindi cha Zambia, ikishuka kwenye malori yanayotoka mpakani Kasumbalesa, chupa za plastiki zenye karatasi ya rangi, ikiuzwa kwenye vibanda vya mji wetu kuanzia mtaa wa Kenya mpaka ule wa Ruashi, na iliniuma. Sisi tuliofundishwa kupika munkoyo na mama zetu, watoto wetu wanakata kiu kwa kinywaji cha kiwandani kutoka ng'ambo ya mpaka! Mlipiga vigelegele. Tukakubaliana akiba yetu ya miaka mitatu iende kwenye mashine ya kujaza na kufunga chupa. Mfanyabiashara mmoja akatuletea bei, akataka nusu ya fedha ndani ya wiki mbili.

Aliyetuzuia ni mama mmoja wa Katuba. Alikuja kwangu jioni, hata kiti hakukikubali. Akauliza: "Mama Prezidenti, kati ya watu wanaokunywa munkoyo yetu, nani ametuomba chupa?" Nilitafuta jibu nikalikosa. Wote waliokuwa wamesifu chupa walikuwa wauzaji, yaani sisi wenyewe. Mnywaji hata mmoja hakuwa ameulizwa.

Kamati ikaomba yule mfanyabiashara angoje. Hakupenda, akasema bei itapanda. Tukamwacha apandishe.

Tukaanza na njia iliyo rahisi, nayo ikatupoteza kwa mwezi mzima. Tulitoka wawili wawili na daftari: soko la Kenya, soko la Mzee Kabila, njia ya chuo kikuu kule Kasapa, milango ya makanisa Jumapili. Swali letu lilikuwa moja: munkoyo ya chupa ikipatikana, utainunua? Watu 120 walijibu, na 104 wakasema ndiyo. Tulirudi tukiimba.

Usiku ule umeme ulikuwa umekatika. Nikawasha mshumaa, nikasoma daftari ukurasa kwa ukurasa, na furaha ikaanza kunitoka. Fikirini wenyewe jinsi swali lilivyoulizwa. Mama mtu mzima, amevaa kitenge cha chama, anatabasamu, amesimama mbele yako na kalamu. Nani atamkatalia usoni kitu ambacho hakimtoi hata franka moja? Kwetu ile ndiyo ni heshima. Tulikuwa tumekusanya heshima 104 tukaziita wateja. Na hakuna ukurasa hata mmoja uliosema mtu huyu alikunywa munkoyo mara ya mwisho lini, aliinunua wapi, kwa bei gani, na nini hakikumpendeza.

Mpwa wangu anayesoma uchumi alinisimulia habari ya Coca-Cola, nami nawaletea kwa sababu ni kinywaji kama chetu. Mwaka 1985 kampuni hiyo ya Marekani ilibadilisha ladha yake. Kabla ya hapo iliwaonjesha watu karibu 200,000, na wengi waliipenda ile mpya. Ikatoka mwezi wa Aprili. Watu wakakasirika, wakapiga simu, wakaandika barua, na baada ya siku 79 ile ya zamani ikarudishwa sokoni. Fedha za kuonjesha hazikuwapungukia. Ila funda moja la bure ni jambo jingine kabisa na chupa unayoinunua kila wiki ya maisha yako, na walioonjeshwa hawakuambiwa wazi kwamba wakiikubali hii, ile waliyoizoea itaondolewa.

Basi mwezi wa sita tukaacha kuuliza, tukauza. Mashine hatukuwa nayo, lakini kuuza chupa hamsini hakuhitaji mashine. Dada zetu wanaoweka picha za viatu kwenye WhatsApp wanalijua hili: mteja analipa kwanza, ndipo wanaenda kununua viatu. Kule Marekani duka la Zappos lilianza vivyo hivyo mwaka 1999. Mwanzilishi wake, Nick Swinmurn, alipiga picha viatu vya maduka ya watu, akaziweka kwenye intaneti, na mtu alipoagiza akaenda kuvinunua kwa bei ya dukani ili avitume. Hakuwa akitafuta faida bado. Alitaka kuona kama kuna mtu atakayetoa fedha kwa kiatu ambacho hajakivaa mguuni. Mwaka 2009 Amazon ililinunua duka hilo, na mauzo yalipokamilika thamani yake ilikuwa karibu dola bilioni 1.2.

Tulinunua chupa mpya za nusu lita, tukajaza kwa faneli, tukabandika karatasi iliyochapwa mjini. Siku ya kwanza pale Kenya zote 50 ziliisha kabla ya saa sita. Siku ya pili 38. Siku ya nne 14. Tulikuwa tumemweka msichana mmoja kazi ya kukumbuka sura tu, na alituambia wazi: waliorudi walikuwa wachache mno. Wengi walinunua mara moja ili waone ni kitu gani, basi. Anayerudi mara ya pili na fedha yake ndiye anayelipa ada za shule za watoto wetu.

Siku ya tano likatokea lile ambalo wengine mlilisikia. Jua lilikuwa limepiga meza tangu asubuhi. Chupa zilikuwa zimevimba, matako yake yametoka nje, haziwezi kusimama tena. Mama mmoja mteja akafungua yake. Kifuniko kikaruka, na munkoyo ikammwagikia kuanzia kidevuni mpaka kwenye blauzi nyeupe ya kanisani. Tulimfulia blauzi na kumrudishia fedha. Lakini kila mpishi aliyekuwapo alijua kosa liko wapi. Munkoyo haifi. Tunapika uji wa mahindi, tunauacha upoe mpaka mkono unavumilia, tunatia maji ya mizizi iliyopondwa. Kilichomo ndani ya mizizi kinavunja wanga, na uji mzito uliokuwa ukishikilia mwiko asubuhi unakuwa maji matamu. Kisha uchachu unaingia, na uchachu unatoa hewa. Kwenye bidoni iliyolegezwa kifuniko hewa inatoka. Kwenye chupa iliyofungwa haina njia. Ukiichemsha tena ili uchachu ukome, inatulia kweli, ila ladha inakuwa ya uji uliolala. Tulijaribu mara tatu, na nyinyi wenyewe mliionja na kuitema. Ukitaka kuitunza kwenye friji, kwa umeme wetu huu friji ni kabati. Na chupa iliyofungwa na kuandikwa jina lazima pia ipite kwa OCC, ofisi ya serikali ya Kongo ya kukagua bidhaa. Mashine ile ingefunga chupa vizuri sana, na shida hizi zote zingebaki palepale.

Kuna waliosema, na walikuwa na haki, kwamba mwezi wa sita ni baridi, nani anataka munkoyo asubuhi ya baridi ya Lubumbashi? Tukarudia mwishoni mwa mwezi wa tisa, joto limewaka, vumbi limejaa, mvua bado. Chupa ziliuzika zaidi. Lakini meza ya jirani, ambako mwenzetu aliuza kwa kopo kutoka kwenye ndoo yenye kifuniko, iliuza mara tatu yetu. Mtu mwenye kiu sokoni anataka kopo lililojaa, anywe amesimama, arudishe kopo, aende. Chupa inamwongezea bei, wala haimwongezei kiu.

Sasa naomba mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipojifunza.

Safari hii daftari lilikuwa na safu ya mwisho isiyo na swali: yote mengine aliyosema mteja, tuyaandike kwa maneno yake mwenyewe. Mnaijua ile ya wahenga, mali bila daftari hupotea bila habari. Hata Chibuku, ile pombe ya mtama inayojulikana hapo ng'ambo, inasimuliwa kwamba ilipata jina lake hivyohivyo: kule Kitwe, Zambia, Max Heinrich aliyeanza kuipika kwa biashara katika miaka ya 1950 alikuwa na kitabu alichoandikia mambo ya pombe yake, na watu wakaiita kwa jina la kitabu.

Safu yetu ya mwisho ilijaa maneno mawili, yanarudi na kurudi. La kwanza: "Maji mmetoa wapi?" La pili: "Mnaweza kunipikia bidoni moja ya ndoa?"

Hatukuwa tumewauliza habari ya ndoa, waliileta wao. Mwenye ndoa, mwenye kilio, mwenye komunyo ya mtoto, wote wanataka munkoyo, kwa sababu bila munkoyo wazee wanasema hatukukaribishwa. Zamani shangazi alipika. Leo shangazi amezeeka, au yuko Likasi, au binti zake wanafanya kazi mpaka jioni na kinu hawana. Wanaagiza kwa mtu wasiyemjua, inafika imechelewa, ndani ya bidoni inayonuka mafuta, na hakuna anayejua maji ni ya kisima gani. Katika mji unaopatwa na kipindupindu, swali la maji si dogo. Mama mmoja aliniambia amewahi kuimwaga bidoni nzima uani asubuhi ya ndoa ya binti yake kwa sababu ya harufu, akabaki na wageni na soda pungufu. Alipokuwa akisimulia alinishika mkono.

Tukaacha chupa, tukajaribu bidoni, na safari hii swali liliulizwa kwa avansi, yaani malipo ya mbele. Bidoni mpya ya lita 20, maji yaliyochemshwa, inafikishwa saa uliyoitaja, nusu ya bei unaiacha leo. Asiyeacha nusu haandikwi, hata akiwa dada yangu, na kweli dada yangu hakuandikwa. Kwa wiki nane tulipata oda 37 zenye avansi. Watatu walichelewesha nusu ya pili, mmoja bado anadaiwa. Watano walilalamika kwamba ilikuwa chachu mno, na walisema kweli: tuliwafikishia jioni kwa sherehe ya kesho yake mchana. Sasa tunafikisha asubuhi ya siku yenyewe. Oda 11 zililetwa na mtu aliyekunywa kwenye sherehe ya mwingine, na kwangu hizo ndizo zenye uzito kuliko zote.

Kwa hiyo kamati inawaletea haya muyaamue leo. Mashine isinunuliwe. Akiba ibaki, na kutoka humo tuchukue sehemu ya kununulia bidoni 60 mpya, sufuria mbili kubwa na tangi la maji. Bei zote ziko kwenye daftari la mweka hazina. Tukikosea, bidoni zitauzika hata kesho. Mashine nani angeinunua?

Wale wanaopenda chupa bado, mlango sikuufunga. Nitakubali siku ambayo wenye maduka watatuachia avansi ya chupa, na mmoja wetu atakuwa amepata njia ya kuituliza munkoyo bila kuiua ladha. Vijana wa chuo wakitaka kutusaidia katika hilo, waje.

Kuna jambo jingine daftari limelitaja mara sita tu, kwa hiyo nalisema kwa sauti ndogo: wapo wanaotaka kupika wenyewe na wanaomba mizizi iliyokwisha pondwa na kukaushwa. Tutaanza na vifurushi 30, kwa fedha taslimu, na tutahesabu waliorudi kabla ya kuwaambia wachimbaji waongeze. Nina sababu ya pili ya kwenda polepole. Mizizi hii hatuilimi, inachimbwa porini, na wachimbaji wetu wanasema kila mwaka wanatembea mbali zaidi, kwa sababu pori limekatwa kwa makala na mizizi inang'olewa yote. Nawaomba wachimbaji waache sehemu ya mzizi ardhini. Tutawalipa bei ileile kwa fungu dogo, na kamati imeshakubali.

Oda za mwezi wa kumi na mbili ziko kwa katibu, mpaka jana zilikuwa 9 zenye avansi. Zamu ya kupika wiki hii ni ya Katuba na Kamalondo. Mizizi inafika Alhamisi alfajiri nyumbani kwangu. Wenye vinu waje na vinu vyao, na kila mtu aje na ndoo yenye kifuniko.