Rehema, hotuba kumi na moja ni nyingi mno

Rehema mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini mama amepata nafuu ya mguu. Nimekaa kimya tangu Pasaka, uniwie radhi. Leo nakuandikia mbio kwa sababu ya ratiba ya kongamano la uongozi la wanafunzi, uliyompa Kweka aniletee.

Siku tatu, hotuba kumi na moja! Watoto 60 watoke Morogoro mpaka Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha wakae ukumbini kutwa wakielezwa uongozi ni nini? Hayo wanayasikia paredi. Bakiza hotuba mbili, saa zilizobaki wape chuo chenyewe.

Na chuo ni mhadhara. Kupita nje ya kumbi za mihadhara za Yombo na kupiga picha hakutoshi. Waingie, wakae, waandike. Gawa vikundi 6 vya watoto 10, kila kikundi na waongozaji wawili wa mwaka wa pili, msichana na mvulana. Mwandikie mhadhiri barua wiki mbili kabla, na usipeleke zaidi ya kikundi kimoja kwenye mhadhara mmoja. Wakizidi, mhadhiri huliacha somo lake akaanza kuwapa nasaha, na hapo umerudi kwenye hotuba. Wawe wameketi dakika 15 kabla. Wakitoka, nusu saa kivulini, walinganishe madaftari. Hapo mtoto anagundua kwamba hakuna aliyemwandikia nukuu ubaoni, na kwamba kazi ya kuchagua la kuandika ni yake. Kisha wapeleke maktaba mpya na mada ileile, kila kikundi kirudi na majina ya vitabu viwili. Ile maktaba inaingiza watu 2,100 kwa mara moja. Mtoto asiye na kazi mkononi atatazama dari tu.

Tarehe sasa. Umechagua likizo ya Juni kwa kuwa shule zimefungwa, lakini almanaki ya chuo haifuati ya shule. Ukiangukia mitihani, hakuna mhadhara wala mwongozaji atakayekukubalia. Uliza kwanza, ndipo ulipie basi.

Jioni ya pili weka zoezi la boom, ile fedha ya kujikimu ya mkopo wa chuo. Mpe kila mtoto vikaratasi vya shilingi 10,000 kwa siku, kwa siku 60. Akate chumba, chakula, fotokopi, bando, nauli. Wakifika siku ya 45, watangazie kwamba awamu ijayo imechelewa wiki mbili. Wengi watakuwa wameshamaliza zote, na maswali watakayouliza usiku huo yatakuwa ya kweli.

La tahasusi, yaani masomo matatu anayochagua mtoto kwa kidato cha tano na sita, usilisahau. Umeandika kidato cha tano peke yao. Ongeza cha tatu, hata 20 kati ya hao 60. Aliyeko HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) hawezi tena kuwa mhandisi kupitia kidato cha sita, ila wa cha tatu bado ana la kuamua. Wa cha tano waelezwe wazi: shahada inadai ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi, jumla isipungue pointi 4, A ikiwa 5 na E ikiwa 1, na kozi nyingi zinadai zaidi ya hapo. Wakumbushwe cheti cha kuzaliwa kihakikiwe mapema RITA, wakala wa usajili wa vizazi; mwombaji wa mkopo hukwama hapo wakati dirisha la maombi linakaribia kufungwa.

Usiku nao... sijaona matroni kwenye ratiba. Mama Zuhura angefaa sana, lakini umwombe wewe.

Nirudi palepale, Rehema: mhadhara. Ukilazimika kukata kitu, kata hata hafla ya vyeti, mhadhara ubaki.

Mkuu wa shule ameshasaini? Fomu za ridhaa za wazazi zimerudi ngapi? Basi litawashusha Mbezi au litaingia mpaka chuoni? Wenye pumu umewaorodhesha? Nani anachagua watoto: walimu peke yao, au na wasiokuwa viranja wanaweza kuomba? Na wewe, unalala saa ngapi siku hizi?

Nijibu kabla ya Ijumaa, nianze kutafuta waongozaji.

Wako,
Neema