Barua kwa mdogo wangu anayetaka kuijua mimea ya ziwani

Marahaba, mdogo wangu.

Umesema kitabu cha mimea kinakuchosha, na programu ya simu inakupa majina matatu kwa jani moja. Viweke pembeni kwanza. Tafuta kipande cha ufukwe hapo Mwanza chenye mawe na magugu maji, hatua kumi tu, upite kila wiki saa ileile. Saa ina maana: mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku hugeuka. Zulia la magugu lililobana ufukwe jioni, asubuhi unaweza kukuta limesogea. Ukipita saa ovyo utaandika yamepungua, kumbe yamehama tu.

Beba daftari, penseli, rula na fimbo ndefu. Peni achana nayo. Tone moja la maji, wino wote umetapakaa.

Anza na gugu maji lenyewe, maana kila mtu analitukana na wachache wamelitazama. Livute kwa fimbo, usiingie majini: konokono wa kichocho hupenda maji ya kina kifupi yenye mimea. Angalia vikonyo, vile vijiti vinavyoshika majani. Mche wa pembeni, wenye nafasi, una vikonyo vifupi vilivyovimba kama puto; kata kimoja uone sponji iliyojaa hewa. Mche uliobanwa katikati una vikonyo virefu, vyembamba, pengine nusu mita na zaidi. Wanaoanza huandika ni mimea miwili. Ni mmoja.

Kisha jani. Ukikuta makovu ya kahawia, karibu ya mraba, milimita mbili tatu hivi, hapo amekula mdudu wa jamii ya fukusi. Asili yake Amerika Kusini, kama gugu lenyewe, na aliachiwa ziwani miaka ya 1990 ili alipunguze. Mchana hujificha kwenye majani machanga yaliyojikunja, hivyo hesabu makovu badala ya kumwinda. Chukua miche kumi, na kila mche jani la pili kutoka lile changa kabisa. Jani changa bado halijaliwa vya kutosha, kuukuu lina makovu ya siku nyingi. Ukiyachanganya, wiki mbili haziwezi kulinganishwa.

Kulikausha gugu kuna kazi yake. Ukilibana zima litaoza ndani ya karatasi, kwa sababu sponji ile imeshika maji. Pasua kikonyo kwa urefu, laza kati ya magazeti, weka boksi na tofali juu, ubadilishe magazeti kila siku kwa siku tano za kwanza. Rangi ya ua iandike likiwa bichi: zambarau hafifu, na petali ya juu ina doa la njano. Likikauka hutaiona tena.

Mvuvi akikutajia jina la Kisukuma, liandike kama ulivyolisikia, na mahali uliposikia. Jina moja huweza kubeba mimea miwili yenye matumizi sawa; usimsahihishe.

Na ule mnyaa wa kwenye ua wa jirani, chora tu, usiukate. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni, daftari utalisahau siku kadhaa.