Oksijeni bila maji safi ni nusu ya tiba

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie vichupa vya maji vinavyofungwa kwenye mitungi ya oksijeni wodini ili kuitia gesi unyevu. Gesi ya mtungini ni kavu, na mgonjwa anayeipokea kupitia mpira uliopenyezwa kooni, ambapo pua haiwezi tena kuitia unyevu na joto, makohozi yake hukauka na kuziba njia ya hewa. Juzi, nikimuuguza shangazi katika hospitali moja hapa Kisumu, niliona kichupa chenye maji ya mfereji na utando wa kijani ukingoni. Maji hayo yanapaswa kuwa yasiyo na vijidudu, nayo yabadilishwe kila siku. Wala si ghali. Wasimamizi wa wodi wayakague kila zamu, wasihesabu mitungi tu.

Mkazi wa Manyatta,
Kisumu.