Foyle's War: wale wazee wa Kijerumani hawakuchomekwa

Mhariri, habari za kazi. Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua maana mchambuzi wenu wa tamthilia kanikera, tena sana. Toleo lililopita kaandika kuhusu The German Woman, ile episodi ya kwanza kabisa ya Foyle's War, sirizi ya runinga ya Kiingereza kuhusu mpelelezi wa polisi wakati wa Vita Kuu ya Pili, akasema inaenda polepole mno, ni mauaji ya matajiri wa Kiingereza na majumba yao, halafu ile habari ya wazee wa Kijerumani waliokamatwa eti imechomekwa tu kujaza muda. Hayo ya polepole sigombani naye, kila mtu na roho yake. Ila hapo kwenye kuchomekwa ndo siwezi kukaa kimya.

Hii sirizi ilianza kurushwa Oktoba 2002, kaiandika Anthony Horowitz, na stori inatokea Hastings, mji wa pwani kusini mwa Uingereza, Mei 1940. Sasa Hastings inatazamana na Ufaransa, bahari ndo inayowatenganisha, na mwezi uleule jeshi la Hitler lilikuwa linaisambaratisha Ufaransa, kwa hiyo mtu wa pale alikuwa halali vizuri, usiku madirisha yote yamezibwa taa isionekane kwa juu, na ukiwa na lafudhi ya Kijerumani basi kila unakopita macho ya watu yako mgongoni mwako. Foyle mwenyewe, yule mpelelezi, hata hataki kubaki polisi, ameomba kazi ya vita bosi wake kamgomea, anaishia kuletewa binti wa kumwendesha, Sam, anayeongea kama chiriku, na baadaye anamfuata hospitali kijana Milner aliyepoteza mguu Norway ili amsaidie kazi.

Kesi yenyewe sasa. Mzee mmoja tajiri, Henry Beaumont, ana mke Mjerumani, Greta. Greta anatoka na farasi wake kama kawaida, farasi anakimbia, kumbe kuna waya umekazwa kukatiza njia usawa wa shingo. Basi. Hakuna bunduki wala kelele, na mimi nikauangalia ule waya nikasema huyu aliyeufunga anaijua ratiba ya huyu mama na alikuwa na muda wa kupima kabisa. Ndo utamu wa hii sirizi, wanakupa kitu kimoja kidogo halafu wanakuacha ufikirie.

Lakini kabla ya hapo tumeshawaona wazee wawili, Kramer na mkewe, Wajerumani wasio na pesa wala jina. Wao wanachukuliwa na kuwekwa kizuizini na yule mama anafia hukohuko. Greta yeye yuko kwake, ana farasi, ana wafanyakazi, hakuna aliyemgonga mlango. Wote Wajerumani, wilaya moja, vita ileile! Foyle anachojiuliza ni hicho hicho, huyu aliachwaje? Nani alisaini aachwe, na kwa nini? Swali hilo ndo linaivuta kesi yote, na hata hasira za kijijini zinatoka humo, hasa baada ya bomu la ndege ya Kijerumani kumuua binti wa watu. Ukiwatoa akina Kramer unabaki na waya na farasi, huna stori.

Na mchambuzi wenu asidhani Horowitz kayaokota hayo hewani. Vita ilipoanza 1939 Waingereza waliunda mabaraza ya kuwahoji Wajerumani na Waaustria waliokuwa nchini, wakawapanga A, B na C. Waliohojiwa walizidi 70,000 na waliowekwa kundi A, yaani hatari wa kufungiwa moja kwa moja, walikuwa kama 600 tu. Walio wengi waliwekwa C, hawana neno, na wengi wao walikuwa Wayahudi waliomkimbia huyohuyo Hitler! Ikafika Mei 1940, Churchill kashika uwaziri mkuu tarehe 10, tarehe 12 msako ukapita pwani kukusanya wanaume, mwisho wa mwezi wakafuata wanawake, na kiangazi hicho wakazolewa mpaka wa kundi C. Wengi walipelekwa Kisiwa cha Man, kilicho kati ya Uingereza na Ireland, nyumba za wageni za mji wa Douglas zikazungushiwa seng'enge zikawa kambi, wanawake wakawekwa upande wa Port Erin. Wengine wakapakiwa meli kupelekwa Kanada, na moja ya meli hizo, Arandora Star, ikapigwa na nyambizi ya Wajerumani wenyewe tarehe 2 Julai 1940, wakafa zaidi ya 800. Na usinichukie mhariri, ila magazeti ya Uingereza yalikuwa na mchango mkubwa kwenye kuwashikisha watu hofu na kudai wote wafungiwe.

Kama alikuwa anatafuta kasoro ningempa ya kweli. Kwa sheria ya uraia ya 1914 mwanamke wa kigeni akiolewa na Mwingereza anahesabika Mwingereza, na Mwingereza wa kike akiolewa na Mjerumani anaupoteza uraia wake (ndo ilivyokuwa, mwanamke anabebwa na pasipoti ya mume). Kwa hiyo Greta, mke wa Beaumont, kisheria si mgeni adui kabisa, na baraza la kuhoji wageni lilikuwa halimhusu. Wangetaka kumfungia wangetumia kanuni ya 18B, ile iliyoruhusu kumweka mtu ndani bila kesi hata akiwa Mwingereza, ndo iliyomkamata Oswald Mosley, kiongozi wa mafashisti wa Uingereza, Mei 23, 1940. Hapo mwandishi kateleza, au kaamua kurahisisha, na mtu anayejua historia anapaona.

Halafu ile sehemu ya mwisho. Muuaji anabanwa, anamwambia Foyle mimi kazi yangu inahitajika vitani, ukinikamata watakaoumia ni wenzetu. Yaani anamwekea Mjerumani mmoja mizani upande huu na vita nzima upande ule. Michael Kitchen, anayemwigiza Foyle, anavyocheza pale hapandishi sauti hata kidogo, uso tu, anamsikiliza mpaka amalize, kisha anamkamata. Mchambuzi wenu kaiita scene hiyo baridi. Mi niliirudia mara kadhaa.

La mwisho ni malalamiko madogo. Kaandika ni sirizi ya BBC, si kweli, ni ya ITV. Na jina la muuaji kaliweka aya ya pili, aya ya pili mhariri, watu hata chai hawajanywa! Nasikia mtaendelea na episodi inayofuata, The White Feather, ile yenye Charles Dance akiongoza kundi linalowapenda Wanazi wakati wanajeshi wa Uingereza wanakwama Dunkirk, pwani ya Ufaransa. Tafadhali mwambieni afunge mdomo kuhusu nani kaua nani, na aangalie mpaka mwisho kabla ya kuandika.

Msomaji wenu wa kila wiki