Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Serikali: muziki kwa wagonjwa wa upasuaji uje kwa hedifoni, si kwa spika

Kwa Mganga Mkuu wa Serikali,
Wizara ya Afya,
Mtumba, Dodoma.

YAH: MWONGOZO WA MUZIKI KWA WAGONJWA WA UPASUAJI

Ndugu Mganga Mkuu,

Tunakuandikia sisi tunaotoa dawa za usingizi na kuhudumia vyumba vya upasuaji. Tunaomba mwongozo wa ukurasa mmoja unaoruhusu mgonjwa kusikilizishwa muziki kabla na baada ya upasuaji. Gharama yake ni ndogo, lakini kila hospitali ikiachwa ijifanyie inavyojua, jambo hili litaharibika mapema.

Ushahidi upo, tena si haba. Mwaka 2015 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi wa majaribio 73 yenye karibu wagonjwa 7,000. Waliosikiliza muziki waliripoti kupungukiwa maumivu na wasiwasi, na walitumia dawa chache za kutuliza maumivu, hata pale muziki ulipopigwa wakiwa wamelala usingizi wa dawa. Siku za kulazwa hazikupungua, kwa hiyo asije mtu akakuahidi kwamba vitanda vitaachwa wazi mapema. Huko Sweden, mwaka 2009, wagonjwa 372 waligawanywa kwa bahati nasibu kati ya muziki na midazolamu, dawa ya kutuliza wasiwasi, kabla ya upasuaji. Wasiwasi ulipimwa kwa kipimo cha alama 20 hadi 80: kundi la muziki lilishuka kutoka 34 hadi 30, la midazolamu kutoka 36 hadi 34.

Udhaifu wa tafiti hizi nao usemwe. Mgonjwa aliye macho anajua kama anasikia muziki au hasikii, na ukimuuliza kama ametulia, jibu lake linaweza kuegemea upande unaotarajiwa. Ndiyo maana tunaamini zaidi miligramu za dawa alizotumia kuliko alama alizojipa.

Hofu yetu kubwa iko hapo hapo kwenye dawa. Hospitali iliyoishiwa mofini, pethidini au hata diklofenaki isije ikageuza muziki kuwa mbadala. Karibu majaribio yote tunayoyategemea yaliongeza muziki juu ya tiba ya kawaida ya maumivu. Hayakuuweka mahali pa tiba hiyo. Mwongozo useme hivyo katika sentensi ya kwanza.

Sasa spika. Ni rahisi kununua, zinapendeza kwa wageni, na ndizo tunazozikataa. Oksimita, kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni, hulia kila pigo la moyo, na mlio wake hushuka kadiri oksijeni kwenye damu inavyopungua. Mtaalamu wa usingizi huusikia mshuko huo akiwa ameinama anavuta dawa kwenye sindano, kabla hajainua macho kutazama namba. Spika inaufunika. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2015, uliorekodi upasuaji 20 kwa video, ulionyesha kwamba muziki unapopigwa chumbani, madaktari hulazimika kurudia maombi yao kwa wauguzi mara nyingi zaidi. Muziki wa timu na muziki wa mgonjwa ni mambo mawili, na sisi tunaomba wa mgonjwa.

Hedifoni nazo zina yake. Zile zinazozuia sauti za nje zilijaribiwa Pennsylvania kwa wagonjwa 157 waliochomwa ganzi ya mishipa ya fahamu, matokeo yakatolewa mwaka 2019: wasiwasi ulipungua sawa na kwa midazolamu, ila wagonjwa na madaktari walilalamika kuwa kuelewana kulikuwa kugumu. Kwa mama anayejifungua kwa upasuaji akiwa na ganzi ya mgongo, ugumu huo ni hatari. Akisema “nasikia kichefuchefu”, mara nyingi presha imeanza kushuka. Sauti yake ikififia, au akishindwa kuminya mkono wako, huenda ganzi imepanda mno. Kwa hiyo sikio moja libaki wazi, upande aliko mtaalamu wa usingizi. Muziki usimamishwe wakati wa kuchoma sindano na kupima ganzi imefika wapi, urudi presha ikishatulia.

Mengine ni ya kawaida. Mgonjwa aulizwe jana yake wodini, si mlangoni mwa chumba cha upasuaji, apewe uchaguzi: taarab ya ala tupu, kwaya, kisomo cha Qur'ani, dansi la zamani, au kimya. Asichaguliwe, maana wimbo uleule unaomliwaza mmoja huenda ndio uliopigwa kwenye msiba wa mwenzake. Mwendo uwe mapigo 60 hadi 80 kwa dakika, bila ngoma za kushtukiza; singeli, pamoja na mapenzi yetu yote, isubiri mtu arudi nyumbani. Sauti ipimwe hivi: muuguzi akiongea kawaida umbali wa mita 1, mgonjwa amsikie. Nyimbo zihifadhiwe kwenye kifaa chenyewe, mtandao ukiwa umezimwa, vinginevyo tangazo la biashara litamkurupusha mtu mezani. Kifaa kitumie betri na kisichajiwe kikiwa kwa mgonjwa, na pasiwe na waya karibu na dayathemi, kifaa cha umeme cha kukatia na kuzuia damu. Hedifoni zipanguswe kwa spiriti ya asilimia 70 kati ya mgonjwa na mgonjwa. Waliojeruhiwa kichwa na wanaofanyiwa upasuaji wa sikio wasihusishwe.

Sambamba na hayo tunaomba fedha za jaribio moja la nchini, kwa kina mama wanaojifungua kwa upasuaji, likipitia kwanza kamati ya maadili ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Ukitaka kugundua tofauti ya alama 1 kwenye kipimo cha maumivu cha 0 hadi 10, mtawanyiko (yaani alama za kina mama zinavyopishana) ukiwa 2.5 na uwezo wa kuiona asilimia 80, unahitaji kina mama 98 kila kundi. Weka 110, maana wengine watapotea njiani. Kundi linganishi livae hedifoni zisizo na sauti, mgawanyo ufanywe kwa bahasha zisizopenya mwanga, na anayepima maumivu saa ya 2, 6, 12 na 24 asijue nani alikuwa kundi gani. Asipojua huyo, nusu ya kazi imeshafanyika.

Nyimbo za jaribio hilo zisichukuliwe ovyo mtandaoni. Wasanii wana haki zao, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ipo kwa ajili hiyo.

Tunaomba utuelekeze kwenye kurugenzi itakayolishughulikia suala hili. Tungependa kikao cha kwanza kianze na kipengele cha dawa za maumivu, kabla hata ya kujadili hedifoni za aina gani.

Wako,
Wataalamu wa usingizi na wauguzi wa vyumba vya upasuaji