Gazeti la Lau: barua kwa swahiba wa Kigoma

Tanga, Jumapili jioni

Swahiba wangu wa zamu ya usiku,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, ila goti langu la kushoto ndilo lenye maneno. Barua yako niliipata Ijumaa, nikaisomea barazani, nikacheka peke yangu mpaka muuza kahawa akaniuliza kama nina homa. Kumbe bado unalikumbuka Gazeti la Lau, ule mchezo wetu wa zamu ya usiku gazetini wa kutunga vichwa vya habari vya mambo ambayo lau yangetokea! Nilidhani mchezo ule ulikufa siku ile usingizi uliponifanya niandike "Waziri azinduka kisimani" badala ya "azindua kisima", tukaitwa sote wawili asubuhi na mapema, nawe ukaapa kwamba mtambo ndio uliokosea. Sijawahi kukushukuru kwa uwongo ule. Ahsante.

Sasa umeniagiza toleo zima la Vita vya Kwanza vya Dunia, vile vya Mjerumani na Mwingereza huku kwetu. Nimelihangaikia wiki nzima. Taabu yake ni kwamba kila nikitunga uwongo nakuta ukweli umeshapita hapo zamani.

Chukua Ziwa Nyasa, Agosti 1914. Rhoades, nahodha wa meli ya Mwingereza, na Berndt, nahodha wa meli ya Mjerumani, walikuwa marafiki wa chupa. Vita vikatangazwa Ulaya, taarifa ikamfikia Rhoades kwanza. Akaja na meli yake Guendolen hadi Sphinxhaven, ndiyo Liuli ya leo, akaikuta Hermann von Wissmann, meli ya Berndt, imepandishwa nchi kavu inatengenezwa, akaitandika kombora. Berndt akaruka ndani ya kimashua, akamfuata mwenzake huku anafoka: Rhoades, umelewa? Ndipo akaambiwa kuna vita, naye ni mateka. London wakaandika kuwa ni ushindi wa majini! Mimi niongeze nini hapo? Lau taarifa ingemfikia Berndt kwanza, nimejikongoja na hiki: WANYWAJI WAWILI WAKATAA KUGOMBANA, ULAYA YAOMBWA IENDELEE PEKE YAKE. Kirefu, najua. Wewe ungekikata kwenye mkato.

Lakini chakula chenyewe kiko hapahapa nyumbani. Novemba 1914 Jenerali Aitken wa Mwingereza alikuja Tanga na watu wapatao 8,000 kutoka India. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, hata alipokwisha kuletewa nyongeza kwa gari moshi, alikuwa na kama 1,000. Kabla ya kushambulia, Waingereza wakatanguliza manowari Fox kubisha hodi, na kapteni wake akauliza kama bandari imetegwa mabomu. Ndugu yangu, umeona wapi mwizi anayeuliza kama mbwa amefungwa? Wakashukia upande wa Ras Kasone, wakaingia mashambani, na huko juu ya miti kulikuwa na mizinga ya nyuki. Risasi zikaichokoza. Nyuki wakatoka, wakamuuma Mjerumani, wakamuuma Mwingereza, hawakuuliza mtu bendera. Kilichovuma ni kwamba waliokimbilia baharini ni Waingereza, wakaondoka wakaacha bunduki, bunduki za rasharasha na risasi laki kadhaa. Baadaye wengine wakadai eti nyuki wale Mjerumani aliwatega makusudi.

Sasa fikiri nami. Hapa Tanga kulikuwa na gazeti la Kiswahili, Kiongozi, lililokuwa likichapwa shuleni tangu 1904. Namwona mpangaji wake wa herufi, naye ana risasi zake, zile za kupangia maneno, anatafuta kichwa kitakachoingia kwenye safu mbili. Mwingereza angehitaji aya nzima kueleza. Sisi tuna neno moja: MIZINGA YAITETEA TANGA. Herufi 20, nimezihesabu mara mbili. Mjerumani akisoma atafurahia mizinga yake ya chuma, mrina asali wa Pongwe atafurahia ya kwake, na mhariri hawezi kushitakiwa na upande wowote. Na lau nyuki wangekuwa na msemaji: NYUKI: HATUNA UPANDE, TULIKUWA NYUMBANI.

Huko London wenyewe waliificha habari ya Tanga kwa miezi. Kichwa cha kweli kilikuwa nafasi nyeupe, kazi ambayo hata mimi na usingizi wangu ningeiweza.

Ya kwako ya Ziwa Tanganyika nimekuwekea katikati ya ukurasa. Mwaka 1915 Waingereza walileta boti mbili kutoka kwao, zikashushwa Cape Town, zikapanda treni, zikakokotwa kwenye milima ya Kongo mpaka ziwani. Kamanda wao Spicer-Simson alitaka kuziita Paka na Mbwa. Wakubwa wakakataa, akaziita Mimi na Toutou, ambayo kwa Kifaransa cha watoto ni paka na mbwa vilevile. Hakujua anakuja nchi ambayo Mimi ni mimi! Tarehe 26 Desemba 1915 wakaikamata meli Kingani ya Wajerumani. Jaribu kumpigia simu mhariri: "Nani ameikamata?" "Mimi." "Wewe uko ziwani?" "Siyo mimi, Mimi!" Kingani wakaibadilisha jina, wakaiita Fifi. Basi: MIMI YAKAMATA KINGANI, YAIFIFISHA. Hicho nakipenda kuliko vyote, usikiguse.

Spicer-Simson huyo alikuwa akivaa sketi ya kaki. Nimeandika KAMANDA AVAA SKETI, kisha nikajiona nilivyokaa na kikoi changu, nikakifuta. Kwa Pwani hiyo siyo habari.

Meli ya angani je? Novemba 1917 Wajerumani walirusha Zeppelin L59 kutoka Bulgaria ije kumwokoa von Lettow. Ikafika anga ya Sudan, ikaitwa kwa redio irudi. Mpango ulikuwa kwamba ikitua haitaruka tena, turubai lake lishonwe mahema na nguo. Kwa hiyo lau ingefika: CHOMBO CHA KAISER CHATUA UMAKONDENI, CHAGEUKA KANZU. Von Lettow mwenyewe alijisalimisha Abercorn, Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili nzima baada ya Ulaya kunyamaza. Hapo niliandika VITA VYAISHA MARA YA PILI, nikaendelea.

Kilichonikwamisha ni ukurasa wa nyuma. Unajua mbung'o walimaliza farasi na ng'ombe, kila kitu kikapanda vichwani mwa watu: unga, risasi, vitanda vya maofisa, masanduku ya vinywaji. Wapagazi makumi ya maelfu walikufa kwa kuhara, malaria na njaa. Kariakoo tunayokwenda kununua vitunguu ni kambi yao, jina tu ndilo lililobaki. Nilikaa na kalamu mpaka kahawa ikapoa. Mzaha haukuja. Halafu usiku, nikiwa nimelala, nikaamka nikaandika gizani nyuma ya bili ya maji: WAPAGAZI WATUA MIZIGO, VITA VYAAHIRISHWA. Chini yake: "Majenerali waonekana wakibeba vitanda vyao wenyewe, mmoja aulizia njia ya kwenda kwao." Mke wangu aliniuliza nacheka nini. Sikuwa nacheka sana.

Nitakipandisha ukurasa wa kwanza, mizinga ishuke. Kama una neno, sema sasa.

Nimekuachia moja ya kwako, kwa sababu wewe umeipanda na mimi sijawahi. Meli Graf von Götzen ilikuja kwa makasha kutoka Ujerumani, ikaungwa hapo Kigoma, kisha mwaka 1916 wahandisi wake wakapaka mashine grisi vizuri wakaizamisha wenyewe, Mwingereza asiipate. Ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba. Nimejaribu MELI YAZAMISHWA ILI IDUMU, lakini huo ni ukweli mtupu, hautufai. Wewe uko karibu na maji. Nipe lau yake, safu mbili tu, herufi zisizidi 22, na usiniletee tena visingizio vya mtambo.

Wasalimie shemeji na watoto. Dagaa mlionituma walifika wakiwa wazima, ila walipungua njiani, na dereva ananuka dagaa.

Ni mimi (siyo boti),
mwenzako wa zamu ya usiku